Ziwa Letu kwa Herufi Kubwa

Mwaka 1974 Tanzania ilipitisha maamuzi mawili ambayo ni nadra kutajwa pamoja. Mwezi Novemba Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma: kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977, na mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza, chuo kikuu baadaye. Mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jaribio la kuikabidhi kompyuta hesabu za Serikali lilikuwa limeishia kwenye gharama na mvurugano. Nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni ikasema basi.

Maamuzi hayo yana roho moja. Elimu izae kazi. Mashine ilete faida au ibaki kwao. Katazo lilianza kulegea miaka ya 1980, na miaka ya 2000 kompyuta zilikuwa zimefika mpaka Musoma, zikifunikwa vitambaa kila jioni ili vumbi lisiingie. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa kijana wa mjini hapo, na matumizi aliyozipatia yangewaudhi waamuzi wote wa mwaka ule. Hakutengeneza hesabu za duka wala ratiba ya mabasi. Aliifundisha kompyuta adabu.

#include <stdio.h>
#define shikamoo int main(void) {
#define marahaba return 0; }
#define tafadhali
#define sema puts

shikamoo
tafadhali sema("Habari za Musoma?");
marahaba

Hiyo ni programu halali ya lugha ya C. Mstari wenye #define huiambia mashine: kila ukikutana na neno hili, weka lile. Uliwekwa ili mtu aipe namba jina, mathalani ukomo wa orodha, asilazimike kuiandika upya kila mahali. Kijana akaugeuza mkalimani wa maamkizi. Shikamoo inafungua programu, marahaba inaifunga, na tafadhali imepewa tafsiri tupu, haina kazi ila kupendezesha. Mwalimu wake mmoja aliitazama kwa muda, akauliza, "Kijana, hii ni programu au ni barua ya posa?"

Lakini barua hiyo ilikuwa na mafunzo. Ukisahau kuandika marahaba, kompaila hulalamikia mabano ambayo wewe hukuyaandika popote kwenye mistari ya maamkizi. Hapo ndipo kijana alipong'amua kwamba programu ya C husomwa mara mbili. Msomaji wa kwanza hubadilisha maneno tu, hajui C hata kidogo. Wa pili anajua C, lakini huona kilichokwisha kubadilishwa. Kitabu cha darasani kilikuwa na ukurasa mzima juu ya jambo hilo, na ukurasa huo ulianza kumwingia kichwani siku alipolalamikiwa kwa mabano yaliyojificha ndani ya neno la heshima.

Wala hakuwa wa kwanza kuivalisha C nguo za lugha nyingine. Steve Bourne wa Bell Labs alipoandika programu ya kupokea amri iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, alitumia #define zilezile kuifanya C ifanane na lugha ya Algol aliyoipenda. Waliokuja kuusoma msimbo wake walishika vichwa. Wawili kati yao, Landon Curt Noll na Larry Bassel, mwaka 1984 wakaanzisha shindano la kimataifa la kuandika programu za C zisizosomeka, na msimbo wa Bourne ulikuwa mojawapo ya vitu vilivyowachokoza. Mwaka 1988 Brian Westley aliingiza humo programu iliyopangwa kwa umbo la duara, inayokadiria thamani ya pai kwa kupima eneo la duara lake yenyewe. Ukitaka tarakimu zaidi, chora duara kubwa zaidi.

Adabu nayo ilikuwa na mtangulizi. Mwaka 1972 wanafunzi wawili wa Princeton, Don Woods na James Lyon, walibuni INTERCAL, lugha ya kuzidhihaki lugha zote za wakati ule. Ndani yake kuna neno PLEASE, yaani tafadhali. Programu yenye tafadhali chache mno, chini ya takriban amri moja katika tano, hukataliwa kwa utovu wa adabu. Zikizidi theluthi, hukataliwa kwa kujipendekeza. Mtu wa mkoa wetu wa Mara anayemjua mgeni anayeamkia mpaka mwenyeji akachoka haoni cha ajabu hapo.

Kucheza hivi kulifaa Musoma kwa sababu ya mfukoni vilevile. Kabla ya mkongo wa mawasiliano wa SEACOM kufika pwani ya Tanzania mwaka 2009, intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, ikiwa ghali na ya kusuasua. Kijana aliyeko kwenye mji uliojipenyeza Ziwa Victoria, umeme ukiwa na tabia zake, alihitaji mchezo usioomba kupakua kitu. Kivinjari kilikuwa tayari ndani ya kila kompyuta, na ndani ya kivinjari mna JavaScript, lugha ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwezi Mei 1995. Haraka hiyo iliacha vichochoro vingi.

Kichochoro maarufu kuliko vyote ni kwamba programu yoyote ya JavaScript inaweza kuandikwa kwa alama sita tu: mabano ya mraba mawili, mabano ya kawaida mawili, alama ya mshangao na ya kujumlisha. Martin Kleppe ndiye aliyeufanya mchezo huo ujulikane duniani. Mabano ya mraba matupu, [], ni orodha isiyo na kitu. Ukiiwekea mshangao mbele, ![], lugha inajibu false, si kweli. Ukijumlisha na orodha nyingine tupu, ![]+[], lugha inashindwa kujumlisha vitu hivyo viwili, inavigeuza maandishi, na unapata neno "false" lenye herufi tano za kuchuma. Hesabu huanzia sifuri, na sifuri yenyewe ni +[]. Kwa hiyo (![]+[])[+[]] ni f, na (![]+[])[+!![]] ni a.

Mshangao mara mbili hutoa "true". Kuiomba orodha tupu kitu isichonacho, [][[]], hutoa "undefined". Maneno hayo matatu yanatosha kuandika asante: a, s na e za false, t ya true, n ya undefined. Inatumia alama zaidi ya mia moja, na kijana aliiona ndiyo asante ya gharama kuliko zote alizowahi kutoa.

Majina ya nyumbani yalikuwa magumu zaidi. Butiama ina u, t, i na a bila taabu, lakini B na m hazimo katika maneno yale matatu. B inabidi ichimbwe kwenye jina Boolean, ambalo lugha hulitaja ukiiuliza false imeumbwa na nani; m inatoka kwenye Number kwa swali hilohilo likielekezwa kwa sifuri. M kubwa ya Musoma ilimpeleka mbali kuliko zote. Njia mojawapo ni kuiomba lugha tarehe na saa ya sasa. Katika kompyuta ya Afrika Mashariki jibu hubeba GMT+0300, na katikati ya herufi hizo tatu za Greenwich mna M.

Hayo yote yalionekana upuuzi mtupu mpaka msimu wa pamba.

Bunda iko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, mahali njia ya Kisorya na Ukerewe inapochepuka, na pamba imekuwa sehemu ya maisha ya wilaya hiyo kwa miongo mingi. Kijana alikwenda huko kusaidia kwenye kituo kimoja cha ununuzi ambacho kilikuwa kimewekewa ukurasa wa kivinjari wa kuandikia uzito. Karani alikuwa mama mtu mzima aliyekwisha pima pamba miaka mingi kwa kalamu na daftari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, habari tutapeana baadaye. Njoo uone maajabu. Huyu mzee kaleta kilo 45 asubuhi, mchana 38. Mashine inasema 4538. Tukimlipa hizi si tutafunga ofisi?"

Mzee mwenyewe, aliyekaa juu ya gunia lake, alisema hana ugomvi na mashine.

Kijana hakuhitaji kufungua kitabu. Alama ya kujumlisha katika JavaScript ina kazi mbili: namba kwa namba inazijumlisha, maandishi kwa maandishi inayaunganisha. Kitu kilichoandikwa kwenye kisanduku cha ukurasa huja kama maandishi hata kikiwa tarakimu tupu, ndiyo maana 45 na 38 zilipangwa bega kwa bega. Kwenye mchezo wa alama sita hiyo ndiyo njia ya kupata 10: unashika moja, unaigandisha na sifuri, kwa makusudi. Dawa nayo ilitoka mchezoni. +[] inakuwa sifuri kwa sababu jumlisha ikisimama peke yake mbele ya kitu hukilazimisha kiwe namba. Kijana akaiweka mbele ya kila kisanduku, jumla ikasoma 83, na mama karani akapiga hesabu yake kwenye daftari kuhakikisha kabla ya kukubali.

Aliyeuandika ukurasa ule hakuwa mzembe. Alikuwa ameijaribu lugha upande wake wa mchana tu, ambako kila kitu hufanya kinachotarajiwa. Mtu aliyewahi kuilazimisha iseme asante kwa mabano matupu ameshauona upande wake wa usiku. Anajua kichochoro kipi kinatokea wapi, hata asipokuwa na nia ya kukipita.

Ukitoka Bunda kuelekea Musoma, Makutano ndipo unapokunja kwenda Butiama. Huko ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922 na ndiko alikozikwa Oktoba 1999. Wageni wengi huenda kuona kaburi na makumbusho. Kijana alikwenda akiwa na swali kuhusu Shakespeare.

Mwalimu alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais, na hakuridhika nayo. Aliirudia, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Mwaka 2001 wanafunzi wawili wa Sweden, Karl Hasselström na Jon Åslund, walimfanyia Shakespeare jambo jingine. Walibuni lugha ya programu ambayo kila programu yake ni mchezo wa kuigiza. Wahusika ndio vigeu vya kutunzia namba. Matendo na maonyesho ndiyo sehemu za kurukia. Nomino ya sifa njema au ya kawaida ni 1, ya matusi ni -1, na kila kivumishi kinachotangulia huzidisha mara mbili. Mhusika akimsifu mwenzake jukwaani, mwenzake anabeba thamani ya sifa hizo. Akimwamuru aseme, herufi inachapwa.

Swali la kijana lilikuwa hili: ikiwa Mwalimu alimleta Shakespeare kwenye Kiswahili, je, mashine ya Wasweden nayo inaweza kuvuka? Alianza kuandika kisomaji chake kwa lugha ya Python. Namba ya herufi B kwenye kompyuta ni 66, yaani 64 na 2, na 64 ni moja iliyozidishwa kwa mbili mara sita, hivyo vinahitajika vivumishi sita. Brutus wa Juliasi Kaizari akaambiwa: "Wewe ni jumla ya mti mrefu mnene mzuri mkubwa mkongwe mwema na mti mrefu! Sema!" Brutus akasema B.

Kiswahili hakikuvuka kimyakimya. Kiingereza hakijali kivumishi kinafuatana na nini, Kiswahili kinajali. Kijana angeweza kupuuza jambo hilo, lakini alilifanya sheria: "mti mrefu" ni mbili, "mti kirefu" inakataliwa na programu haiendi. Bila kukusudia alikuwa amejenga kitu ambacho waandishi wa programu hukitamani, ukaguzi wa aina za data kabla programu haijaanza kazi, na ngeli ndizo zilizokuwa aina zenyewe. Somo la upatanisho wa kisarufi, lililowahi kumsinzisha darasani, lilirudi likiwa limevaa koti la uhandisi.

Butiama ilimpa jambo la pili. Mwaka 1996 Mwalimu alitoa Utenzi wa Enjili, vitabu vya Injili vikiwa vimepangwa kwa vina na mizani. Fikiria kazi hiyo: mishororo minne kwa ubeti, mizani nane kwa mshororo, maelfu kwa maelfu, na maana isipotee. Anayefanya hivyo akiwa na miaka zaidi ya 70 hafanyi kwa kukosa kazi. Ameukubali ugumu ambao hakuna aliyemlazimisha.

Mizani nane. Kijana aliyekuwa ameshinda siku nzima na msimbo alisikia biti nane, yaani baiti moja, herufi moja.

Mpango wa kuzipa herufi namba ambao kompyuta nyingi zimeurithi, ASCII, ulichapishwa mwaka 1963. Humo M ni 77, ambayo kwa sifuri na moja huandikwa 01001101. Kijana akaweka kanuni: silabi yenye irabu a ni 1, silabi nyingine yoyote ni 0, na m ya "mtu" inahesabiwa silabi kama washairi wanavyoihesabu. Kila mshororo wa utenzi ubebe herufi moja. Ubeti mmoja, herufi nne. Halafu akakaa kutunga:

Ziwa letu la daima
Jina lina sura njema
Nina nia kusimama
Kila mtu aja hapa

Zi-wa le-tu la da-i-ma ni sifuri, moja, sifuri, sifuri, moja, moja, sifuri, moja: M. Mshororo wa pili unapishanisha sifuri na moja mpaka mwisho, 85, ambayo ni U. Wa tatu ni S, wa nne ni O. Mashine ikiulizwa ubeti huu unasemaje, inajibu MUSO, na "ma" inasubiri ubeti unaofuata. Vina vimetimia: ma, ma, ma, na cha bahari ni pa.

Kutimia kwa vina hakukuwa ustadi wa mtunzi. Herufi ya mshororo ikiwa na namba witiri, silabi ya mwisho lazima iwe na a. Ikiwa shufwa, a haikubaliki. M ni 77, U ni 85, S ni 83, O ni 79, A ni 65. Herufi zote za Musoma ni witiri, hivyo mji huo umezaliwa na kina kimoja. Jina la mkoa, Mara, lingekwama kwenye R, ambayo ni 82.

Kuna jambo jingine ambalo lingeweza kusomwa kitabuni bila kumgusa mtu. Herufi kubwa zote huanza na 010. Ndiyo sababu kila mshororo unaingia kwa mwendo mmoja, silabi isiyo na a, kisha yenye a, kisha isiyo nayo: ziwa le, jina li, nina ni, kila m. Herufi ndogo, ambazo ziliingizwa kwenye mpango ule katika marekebisho ya 1967, zina tofauti moja tu na kubwa zake: biti ya tatu ni 1, yaani ongezeko la 32. Kwa lugha ya utenzi, silabi ya tatu tu ndiyo ipate a. Kijana alijaribu kuubadilisha mshororo wa kwanza kwa kugusa neno moja:

Ziwa langu la daima

Hii ni 109, m ndogo. Likiwa letu, ziwa linaandika herufi kubwa. Likiwa langu, herufi inashuka. Mwaka huo 1967 ulikuwa wa Azimio la Arusha pia, na kijana hakuongeza neno hapo. Alikwenda kuwaonyesha wenzake, na waliokuwa wakipata taabu kukumbuka kwa nini kubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo ni suala la biti moja hawakuuliza tena.

Michezo hii ina mahali pake. Programu ya shikamoo na marahaba haifai kwenye mfumo unaolipa watu mishahara, kwa sababu atakayeirithi atalazimika kujifunza utani wa mtu mwingine kabla ya kuanza kazi. Anayetaka kwa dhati kuandika programu kwa Kiswahili ana njia nyingine siku hizi: Nuru, lugha iliyojengwa juu ya Go, ambamo kama, sivyo, wakati, andika, kweli na tupu ni maneno ya lugha yenyewe, si barakoa iliyofungwa juu ya C. Kosa likitokea, kinacholalamikiwa ni ulichokiandika.

Lakini mpaka kati ya utani na kazi huhama. Mwaka 1983 Tom Duff, akiwa Lucasfilm, alihitaji kuharakisha programu ya kupeleka data kwenye kifaa cha picha. Akaingiza kitanzi cha kurudia katikati ya amri ya kuchagua, miguu ya kimoja ndani ya kingine, jambo ambalo sarufi ya C inaliruhusu ingawa hakuna mwalimu anayelifundisha. Msimbo ulikwenda kasi. Duff mwenyewe alikiri kwamba aliuonea fahari na kinyaa kwa pamoja, na mbinu hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Alifika hapo kwa kuwa alijua sarufi inaruhusu nini, mbali na kile ambacho watu wamezoea kukifanya nayo.

Ubeti wa Musoma ulipozunguka kwenye simu za marafiki, lawama ilitoka Bunda. Binti wa mama karani, mwanafunzi wa hesabu, aliandika: "Kaka, mmejipendelea. Bunda yetu iko wapi?"

Kijana alijibu kwa hoja, na hoja ilikuwa nzito. B ni 66, shufwa. U ni 85, witiri. Mshororo wa kwanza usiishie na a, wa pili lazima uishie na a, kina kitavunjika mlangoni. Kubadilisha kanuni ya irabu hakusaidii: mishororo miwili yenye silabi moja ya mwisho itakuwa na biti moja ya mwisho kwa kanuni yoyote ile, na biti za mwisho za B na U hazifanani. Bunda, kwa hesabu, haiimbiki.

Jibu lilikuja kesho yake: "Soma kinyume."

Watoto wa pwani wana mchezo wa siku nyingi wa kuongea kinyume, silabi ya mwisho ikipelekwa mbele. Mmisionari Edward Steere aliandika habari zake akiwa Unguja karne ya 19. Binti hakupeleka mbele silabi moja, alipeleka zote. Mshororo usomwe kutoka mwisho, silabi ya nane iwe biti ya kwanza. Na biti ya kwanza katika ASCII ni 0 kwa kila herufi, kubwa au ndogo, kwa kuwa mpango ule unatumia biti saba tu na ya nane hubaki tupu. Kina chochote kisicho na a kinaruhusiwa, mwanzo hadi mwisho, kwa jina lolote la mji. Alikuwa ameambatisha ubeti:

Jina hilo sikubali
Kazi yangu nayo ghali
Sitakaa huko mbali
Niko pale mlimani

Kijana alihesabu kutoka kulia. Mshororo wa pili, 01010101, U. Wa tatu, 01001110, N. Wa nne, 01000100, D. Wa kwanza aliuhesabu kinyume akapata 01000010, B. Akauhesabu na kwa njia yake ya zamani, kutoka kushoto, akapata B ileile. Namba hiyo husomeka sawa pande zote mbili, na binti alikuwa ameiweka mlangoni, palepale alipoambiwa kina kitavunjika.

Aliandika kuuliza A iko wapi. Bunda ina herufi tano na ubeti una mishororo minne. Akajibiwa kwamba ubeti wa pili unaanza hivi, ahesabu mwenyewe, 65 itatimia, na akimaliza apande basi kwa kuwa mama amepika:

Karibuni mlimani